Shikamoo ya Getini

Jambo lote lilitugharimu shikamoo moja. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, kuanzia sado za usipa, dagaa wa ziwani kwetu, hadi chenji ya soda, na jibu ni lile lile: shikamoo moja, pamoja na magoti yaliyokunjwa na ndoo iliyotuliwa chini. Aliyeitoa ni mama yangu. Aliyeipokea alikuwa kijana wa rika la kaka yangu mkubwa, na hakustahili hata nusu yake. Watu huniambia kitu chenyewe ni kidogo. Mimi ni mfanyabiashara, najua vidogo ndivyo vinavyofilisi.

Ilikuwa shule ndogo ya bweni, ya kijeshi, huko juu kwenye kahawa. Kabla ya kuwa shule yalikuwa maghala. Wakaletwa wanajeshi wachache, wakapaka chokaa mawe ya kando ya njia, wakasimamisha mlingoti, wakatundika rimu ya lori iwe kengele, na historia ya shule ikawa imekamilika. Yaliyobaki tuliyajenga sisi kwa matofali tuliyofyatua kwa mikono yetu. Bweni liliitwa hanga, na hanga letu lilinuka maganda ya kahawa mwaka mzima, hata baada ya sisi kuongeza harufu zetu.

Vijana wa Kimatengo walikuwa nyumbani kwao. Walichimba ngoro, yale mashimo yao ya kulimia mlimani, kwenye shamba la shule huku wakipiga soga, na baridi ya alfajiri waliipokea kama ndugu. Sisi tuliotoka ziwani tulitetemeka. Kwetu Lipingo joto hulali nalo kitandani, linakusubiri mlangoni. Kule juu ukungu uliingia hangani bila hodi, na uji ulipoa kabla ya kufika mdomoni. Uji wenyewe haukujua sukari, na hatukuwahi kuwatambulisha.

Asubuhi ya kwanza kabisa nilijifunza somo la salamu. Afande wa stoo alipita mbele ya safu yetu. Alikuwa ametoka mkoa wa mbali, mrefu, ndevu ndiyo kwanza zinaanza kumwamini. Mimi, mtoto niliyelelewa, nikasema, "Shikamoo, afande."

Akasimama. "Umeshika nini?"

"Shikamoo, afande."

"Nakuuliza umeshika nini? Miguu yangu hii hapa. Mkono wako umefika?"

"Haujafika, afande."

"Basi shika yako!"

Nikashika vifundo vya miguu yangu mwenyewe, nikaruka kichurachura kuzunguka uwanja wa gwaride, huku kombania nzima ikinihesabia. Nilipomaliza akatangaza, kwa faida ya makuruta wote, kwamba shikamoo ni ya nyumbani kwa mama zetu. Pale salamu ilikuwa moja tu: "Jambo, afande!" Nilielewa. Sikujua kwamba katazo lile lilihusu kutoa tu, kupokea kulikuwa ruksa.

Jina nalo nililipata wiki ile ile. Walipokagua matranka yetu, kwenye langu wakakuta kopo la usipa mkavu, alioukausha mama mwenyewe juu ya chanja. Chakula cha nyumbani hakikuruhusiwa. Afande wa stoo akalinusa kopo, akafumba macho kidogo, akalichukua "kwa uchunguzi". Jioni uchunguzi ulinukia mpaka hangani, ukiwa na kitunguu na nyanya. Kuanzia hapo sikuitwa kwa namba wala kwa jina la ubatizo. Niliitwa Usipa. Kwenye kuhesabu namba, mwenzangu wa kulia alitoa namba yake kwa nguvu, mimi nikapaza sauti "Usipa!", na wa kushoto akaichukua namba yangu akaendelea. Kila asubuhi shule ilipungukiwa mtu mmoja na hakuna aliyeshtuka. Ndiyo maana mpaka leo nahesabu mara mbili. Mara ya kwanza ni ya kwao.

Hayo yote ningeyasamehe. Kichurachura kinaisha, usipa huliwa na wengi, na jina nimelifanyia biashara.

Kisha ikaja siku ya wazazi. Nilikuwa zamu ya lindo getini, nimesimama mguu sawa, bunduki ya mti begani. Afande wa stoo alikaa kwenye kiti pembeni yangu akipokea wageni. Wenye kahawa walikuja na makoti yao, watumishi wa serikali na viatu vyao, na wote aliwapokea kwa habari za safari. Halafu nikamwona mama. Alikuwa amepanda kutoka ziwani juu ya lori la mihogo mpaka Mbinga, akamalizia kwa miguu, ndoo ndogo inayonukia usipa kichwani, kanga imeshika vumbi. Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kuota. Akauliza kwa upole, "Baba, naweza kumwona mwanangu?"

"Mama," afande akasema, miguu ameinyoosha, "hapa mtu hapiti bila kusalimia wakubwa."

Akasubiri.

Mama alimtazama. Aliona gwanda, akaona geti, nadhani akaniona na mimi nimekauka kama mlingoti. Akaitua ndoo. Akakunja magoti, vile wanawake wa kwetu wanavyowasalimia wazee wao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Usipa! Na hiyo ndoo tutaichunguza."

Wazazi wawili watatu wakacheka, kicheko kile cha mtu anayeshukuru kwamba si yeye. Mimi nilikuwa mguu sawa. Mguu sawa maana yake nzi akitua jichoni unamwachia. Nilimwachia na huyu.

Baadaye tulipoketi kwenye benchi hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza jambo moja tu: "Yule kijana, mama yake yu hai?"

Nikasema sijui. Akatikisa kichwa, akaanza kunieleza habari za mbuzi.

Miaka imepita. Mimi nanunua samaki ufukweni, usipa na mbasa, nauza sokoni Mbinga, na wanaonijua watakuambia hakuna aliyewahi kunipunja mara mbili. Mwaka juzi akaja mzee mmoja mwenye fimbo nzuri, kofia ya pama, tumbo la mtu aliyekula vya wengine. Nilimtambua kwa namna alivyonusa samaki: alifumba macho kidogo.

"Kijana, nimeelekezwa kwako," akasema. "Nimenunua kiwanja Lipingo, pale ufukweni, nataka kupumzikia uzeeni. Gari la matofali halifiki. Njia yote imezuiwa na shamba la mihogo, naambiwa ni la mama yako."

"Jambo, afande!" nikasema, visigino pamoja.

Akatabasamu mpaka masikioni. "Aa! Kumbe wangu! Kombania gani wewe?"

"Usipa."

Alicheka mpaka akaishika meza yangu. "Usipa! Hukubadilika hata kidogo. Sasa unauza ndugu zako?"

"Kwa fungu, afande. Ndugu wakiwa wengi huna budi."

"Haya, tusizungushane. Taja bei ya njia."

"Njia haina bei ya hela."

"Kila kitu kina bei. Mifuko ya saruji? Bati za jikoni kwa mama?"

"Shikamoo moja."

Akanitazama. "Nikuamkie wewe?"

"Mimi ni mdogo wako, utanipa laana. Mama. Ulichukua yake getini siku ya wazazi, alikunja magoti na kutua ndoo. Irudishe, gari lipite."

Hakusema hakumbuki. Hilo nampa. Alichezea fimbo yake, akasema, "Ile salamu haikuwa yangu, kijana. Ilikuwa ya gwanda."

"Vizuri. Gwanda limestaafu, wewe umebaki. Peleka mzigo."

Tulivutana mwezi mzima. Akaongeza saruji, akaongeza na jogoo, akataka tukubaliane kwamba atamtumia salamu kwa simu. Nikamwambia shikamoo ya simu ni ya kuombea vocha. Mwishoni akakubali, akanipa mkono wenye jasho. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Nilishaipanga sura yake vile itakavyokuwa akiinama.

Jumamosi tukashuka wote na gari lake. Mama alikuwa kibarazani anamenya mihogo. Amezeeka sasa. Macho yana ukungu, ngazi moja ya kibaraza humpumzisha mara mbili. Afande akashuka, akavua kofia, akaliweka koo lake sawa, akapiga hodi kwa sauti ile ile ya uwanjani.

Mama akainua uso. Akaweka kisu chini. Akajikokota kutoka kwenye kigoda, akakunja magoti yale yasiyokunjika tena.

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mama! Hujambo?"

Neno lilimtoka kama risasi. Hata yeye alilisikia likiwa limeshafika.

"Aa, mama, samahani, nilitaka... shi..."

"Umeshaitikia, baba," mama akasema, akirudi kigodani. "Mtu akishaitikia marahaba, ataamkiaje tena siku hiyo hiyo? Watoto watatucheka. Keti ule muhogo."

Hakuketi. Alisema ana haraka na Mbinga. Aligeuza gari kwenye mchanga kwa shida, mimi nikimwongoza kwa mkono, kulia, kushoto, nyuma geuka.

Nilirudi nimevimba. "Mama, umeharibu! Nimehangaika mwezi mzima. Hukumtambua?"

"Nilimtambua anafungua mlango wa gari."

"Si unasema macho hayaoni?"

"Hayaoni tundu la sindano. Mtu mkubwa kama yule siwezi kumkosa."

"Sasa kwa nini umemwamkia?"

Akaokota kisu chake. "Si uliniambia anasema lilikuwa gwanda? Nilitaka kujua kama lilikuwa gwanda."

Akamenya muhogo wake mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza nikajua kipaji cha kupatana bei nilikirithi kwa nani, na kwamba mimi bado ni mwanafunzi.

Matofali ya afande yapo kando ya barabara mpaka leo. Yameota majani, na mbuzi wetu wanayapenda. Ametuma mwenyekiti wa kitongoji, ametuma katekista, juzi ametuma jogoo. Jogoo tumemrudisha akiwa mzima. Mihogo tumeipanda upya, kwa mistari iliyonyooka kama gwaride, pale pale kwenye njia. Simhurumii. Kila nikipita na pikipiki nayatazama matofali yale na chakula kinashuka vizuri.

Ila mama anakohoa. Ngazi ya kibaraza sasa humpumzisha mara tatu, na deni la namna hii haliwezi kulipwa kaburini. Pale mtu haitikii. Kwa hiyo nakuandikia wewe, afande, kwa kuwa nasikia unasoma sana siku hizi na huna pa kujenga.

Shikamoo unazodaiwa sasa ni mbili. Nimehesabu tena, ni mbili. Riba sidai. Njoo asubuhi kabla jua halijamchosha, acha gari barabarani kwenye matofali yako, utembee katikati ya mihogo. Ndoo ukiwa nayo, itue chini. Na hodi ipige taratibu, asije akawahi kusimama. Nakuomba, safari hii utangulie wewe.