Medali Yenye Kunguru

Baba yangu alipigana na Wajapani kule Burma, akarudi Tanga na kidole kimoja cha mguu pungufu na hadithi moja zaidi. Hadithi yenyewe ni kwamba aliokota matopeni medali ya askari wa Kijapani, na kwenye medali ile palikuwa na kunguru. Si tai, si simba. Kunguru, kakunjua mabawa, kasimama juu ya bendera mbili. Walipokuwa melini kurudi, akaibadilisha kwa kopo la sigara, akafika nyumbani mikono mitupu. Aibu ilianzia hapo.

Maana Tanga kunguru tunamjua. Ndiye anayempokonya mtoto andazi, akapanda juu ya bati akalila huku anakutazama. Mfalme gani atampa askari wake sura ya mwizi avae kifuani? Watu wakacheka barazani, wakamwita baba mwongo. Aliyecheka zaidi ni dada yangu mkubwa. Mpaka baba anafariki, dada akimwona kunguru ukutani humwita, "Baba, njoo, afande wako kaja."

Dada yu hai, yuko hukohuko Tanga, miaka themanini na ushei. Macho yameingia ukungu, ulimi haujaingia kitu. Nikajiapia kwamba kabla macho hayajazima kabisa nitamwonyesha kunguru wa baba. Basi ndiyo sababu nikaanza kukusanya medali za Kijapani hapa Sydney, mtu mzima niliyestaafu kiwanda cha magodoro Villawood, nisiyejua herufi hata moja ya Kijapani. Kiingereza chenyewe nakisoma kama mtu anayevuka barabara: natazama kulia, natazama kushoto, ndipo nasogea.

Nilizipata kwenye magulio ya Jumapili, pale watu wanapotandika chini vitu vya babu zao. Huko utapata birika, utapata meno ya bandia, niliona kwa macho yangu, pea nzima, na mtu akainunua. Sikumuuliza ya nini. Mimi nikapata medali za Kijapani, moja ina jua lenye miali, nyingine ina maua, nyingine ya fedha ina umbo la jani na vishada vitatu vya maua juu yake, ambayo mke wangu anaiita jani la boga. Kunguru hayumo.

"Umetoka Tanga penye kunguru wa bure," mke wangu akasema, "ukaja kumtafuta Australia."

Lakini huyu mwanamke ana sharti lake. Kitu cha marehemu tusiyemjua hakikai nyumbani kwake bila kufukizwa. Kila Ijumaa anawasha chetezo, anatia ubani, anaweka sinia la medali zangu juu ya moshi kama anayekausha samaki. Anasema hawa wamekufa mbali na kwao, tena kwa hasira, wapoozwe. King'ora cha moshi cha nyumba yetu hapa Lidcombe kinalia, mimi napanda kiti nakipepea kwa taulo, na magoti yangu haya. Binti yetu akija anasema kwa Kiingereza tutaunguza jengo zima. Mama yake anamjibu kwa Kiswahili, kila mtu anaelewa na hakuna anayebadilika. Miaka mitatu tunafanya hivyo.

Sasa, mtaa wa Seven Hills hapa Sydney kuna ukumbi, Jumamosi moja kila mwezi wakusanyaji wanakutana, kila mtu na meza yake. Nikapanda treni na medali zangu ndani ya kopo la plastiki, na kopo jingine la visheti, maana mke wangu hakubali niende kwa watu bila kitu cha kutafuna. Mle ndani wazee watupu. Ukikohoa, wanakohoa wote.

Meza ya mwisho alikaa mzungu mmoja mrefu, dereva wa basi mstaafu, amevaa glavu nyeupe kama anayetaka kupasua mtu. Huyo hauzi wala hanunui, anabadilishana tu. Nikainama juu ya sinia lake, mstari wa tatu, nikamwona. Kunguru. Mabawa wazi, bendera mbili chini ya miguu yake. Nikakaa kwenye kiti cha mtu mwingine bila kuomba.

"Umependa hiyo, meti?" akaniuliza. Meti ndiyo rafiki kwa Kiingereza cha huku.

Nikasema nimeipenda. Sikusema nimeitafuta. Kwenye biashara, hata kama shule niliishia darasa la nne, hilo najua.

Akafungua kopo langu, akapita jua, akapita maua, akafika jani la boga, akatulia. Akaligeuza kwenye mwanga. Fedha yake ilikuwa imeshika rangi ya asali, pembeni buluu kidogo, kama mafuta ya gari juu ya maji.

"Kwa hii nakupa kunguru sasa hivi," akasema. "Rangi kama hii inachukua miaka mia, meti. Haifanywi na mkono wa mtu."

Mkono wa mtu ulikuwa nyumbani unachambua mchele. Nilielewa palepale kwamba ni moshi wa ubani, maana nilipoinunua ilikuwa nyeupe kama kijiko. Na kunguru alikwisha kuniwekea kiganjani, mzito, baridi. Kunyamaza tu kulitosha. Nikanyamaza kidogo, nisiseme uongo, nikaonja kunyamaza kulivyo. Kukawa kutamu. Halafu nikafikiri: kunguru aliyepatikana kwa uongo atamtakasa vipi mzee wangu aliyeitwa mwongo?

Nikamwambia. Chetezo, ubani, Ijumaa, marehemu, hata taulo.

Akavua glavu. Akaipeleka medali puani. "Inanuka kanisa," akasema.

"Mke wangu asikusikie."

Akairudisha kwenye kopo langu, akanyoosha mkono kumdai kunguru wake. Nikampa. Nilimpa polepole, hilo sifichi. Akanitazama, akauliza ni kwa nini hasa namtaka ndege huyu, nami nikamweleza habari za baba na za dada. Akainama chini ya meza, akaibuka na kopo la biskuti, akalifunua. Kunguru tele. Kunguru kama njugu.

"Walipewa askari chungu nzima waliopigana China," akasema. "Hii si adimu, meti."

Nisiseme uongo, niliumia kidogo. Mtu unatafuta kitu kama dhahabu, kumbe mwenzio anakiweka kwenye kopo la biskuti.

"Ila sitoi bure," akasema. "Kopo lile jingine lina nini?"

Baba alimtoa kunguru kwa kopo la sigara, mimi nikampata kwa la visheti. Akala viwili kabla sijafunga mkoba.

Nyumbani mke wangu alinizuia mlangoni na chetezo mkononi, kunguru akafukizwa kabla hajavuka kizingiti. Kisha tukampigia dada kwa simu ya picha. Mjukuu wake alimshikia simu huko Tanga. Nikaiweka medali karibu na kioo, nikasema, "Dada, mtazame. Kunguru wa baba."

Uso wake ukajaa kioo chote, kisha jicho peke yake.

"Sogeza. Geuza. Hebu rudisha." Akavuta pumzi. "Huyu njiwa."

"Dada, njiwa na mdomo huo?"

"Njiwa wa Kijapani. Wewe unawajua?"

Mke wangu akaenda jikoni, nikamsikia anachekea kwenye sufuria. Dada naye hakukata simu. Lile jicho lilibaki palepale kwenye kioo.

"Bendera mbili lakini zipo," akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Za bendera hakudanganya."

"Hakudanganya, dada."

"Nipigie kesho asubuhi ya huku, nitakaa nje penye mwanga. Nimtazame vizuri huyo njiwa."