Mikono Iliyongoja Cheti

Juzi nilikuwa na wazee wenzangu kwenye benchi la hospitali moja ya Thika, mzee wa Gatuanyaga alipoletwa kwa mkokoteni, mshipa wa ngiri umemkaza, tumbo gumu kama ubao. Mkewe aliingia naye ndani. Daktari kijana, Mwafrika mwenzetu, alinawa mikono hadi viwikoni, akasimama mlangoni ameiinua juu, maji yakimdondoka, macho kwenye barabara ya Ruiru.

Tukadhani anaomba, kama wazee wetu wanavyomwinulia mikono Mungu wa Mlima Kirinyaga. Tukavua kofia, tukaitikia kama kwenye sala za Kikuyu, "Thaai!" yaani amani.

"Siombi, baba zangu," akasema. "Namngoja daktari mkubwa. Kupasua nimesomea, lakini bodi ya madaktari haijanitahini, na bila cheti chake sishiki kisu peke yangu."

Mikono ikakauka. Akanawa tena, akaiinua tena. Gari lilipofika kutoka Ruiru, mzee alikuwa amekwisha kufunikwa shuka.

Kila siku tunaambiwa madaktari ni haba. Basi bodi na imtahini huyu tuliye naye: akifaulu apewe cheti, akianguka arudi darasani. Nasema hivi kwa sababu ya mjane yule. Alipotoka aliishika ile mikono safi, akasema, "Asante, mwanangu. Nilikuona. Umetuombea sana."