Tone la Mafuta Kwenye Ukucha wa Koko

Siku yangu ya kwanza kliniki ya ngozi, hapa Arusha, nilikabidhiwa chupa ya mafuta na lenzi. Jamani, nimekuja kuuguza au kukaanga? Sista Mkuu akaniona nashangaa.

"Tone moja tu, hapa ukucha unapoanzia," alisema. "Ngozi ikilowa mafuta inakuwa angavu, utaona mishipa midogo ya damu."

Kweli nikaiona, imepinda kama pini za nywele.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, duka la dawa kila kona. Wagonjwa walitufikia wameshamaliza tyubu za kila rangi. Ndivyo alivyokuja bibi mmoja Mwarusha wa Kisongo. Tulimwita koko, yaani bibi, kama walivyomwita wajukuu zake. Mikono kaificha ndani ya shuka. Kucha zilikuwa na vishimo, na chini yake mistari myembamba, myeusi. Wauza dawa walisema fangasi. Majirani walinong'ona ule ugonjwa ambao siku hizo hatukuutaja. Lakini lililomtesa ni jingine.

"Wajukuu wananiinamishia kichwa niwaguse, ndiyo salamu yetu," alisema. "Narudi nyuma nisiwaambukize. Yule mdogo anadhani simpendi." Akalia, nami machozi yakanilenga.

Daktari Bingwa wetu alikwangua kucha, akapeleka unga wake maabara; fangasi hakuna. Akatazama viwiko, akakuta magamba meupe. Kisha mafuta na lenzi.

"Koko, hii ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi," alisema. " Mishipa midogo chini ya kucha inatanuka, inapasuka, damu kidogo inaacha mistari hii. Haiambukizi."

"Hata nikimgusa mtoto?"

"Hata mkilala kitanda kimoja."

Hakuamini, alishaambiwa mengi. Basi mimi, Mchaga wa watu, nikavua kofia ya uuguzi, nikamwinamishia kichwa. Taratibu mkono wake ukatua juu ya nywele zangu. Alishusha pumzi, nami nikashusha yangu.

Sasa nimestaafu, nipo Kimandolu. Vijana, msidhani tulimponya. Soriasisi ilitulia, ikarudi, tukaituliza tena. Ila naikumbuka siku aliyokuja na yule mjukuu mdogo. Mtoto, kwa adabu zake, alikuja moja kwa moja kuniinamishia mimi kichwa.

Koko akamvuta kwa bega, anacheka.

"We! Anza na mimi!"