Swali Ambalo Furaha Aliliacha Tupu

Nakumbuka mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na mitatu, baba alipofariki kule Lubumbashi na shule yangu ikaishia hapo. Darasa la tatu. Mama akanipeleka kwa Papa Kalenga, fundi wa nguo, nikafagia vipande vya vitambaa miaka miwili kabla ya kukabidhiwa tepu ya kupimia. Siku hiyo nilijiona fundi kumshinda yeye.

Mwanangu, nakwambia haya kwa sababu umeniuliza mpwa wangu Furaha, daktari wa kusoma picha za eksirei, aliingiaje kwenye mtandao wa madaktari wanaotibu wanajeshi wastaafu hapa Johannesburg. Nawe unasomea kazi hiyo hiyo. Basi sikiliza, maana mimi sirudii.

Mwaka 2017 alikuja dukani kwangu, mtaa wa Yeoville, na bahasha mkononi. Ombi lake lilikuwa limerudishwa. Alituma usajili wa baraza la madaktari, kibali cha mashine za mionzi, bima ya kazi na barua za madaktari wawili wanaoujua usomaji wake. Kopi zote alizipangia foleni kituo cha polisi zikagongwa muhuri. Lakini swali moja aliliacha tupu: utampokeaje mtu aliyetoka vitani? Walimpa hadi Ijumaa, la sivyo asubiri mwaka mzima.

"Mjomba, mimi nasoma picha tu. Mgonjwa anapokewa na kulazwa mezani na wengine."

"Chumba ni cha nani?"

"Changu."

"Na jina la mlangoni?"

"Langu."

"Basi kaa. Unaona ndani ya mifupa ya watu, na swali lililo mbele ya pua yako hulioni."

Nikamsimulia. Siku zile za tepu mpya aliingia mwanajeshi mmoja mzee, anataka koti la harusi ya binti yake. Mimi nikamjia kwa nyuma, kimya, nikamzungushia tepu shingoni. Aligeuka akanikamata mkono, nikadhani umevunjika. Meza ikaanguka pamoja na pasi ya mkaa. Kisha akakaa chini anatetemeka, mtu mzima yule, mbele ya wateja. Akatoka bila kupimwa.

Papa Kalenga hakunipiga. Alisema, "Leo umepima shingo, mwenye shingo hukumwona. Nenda kwake ukaombe radhi, na usirudi bila vipimo."

Nilikwenda. Mzee yule alinitazama sana, akasema, "Simama mbele yangu. Niambie unataka kugusa wapi, halafu ungoje." Nikataja shingo, nikangoja. Nikataja kifua, nikangoja. Koti lile ndilo la kwanza nililoshona peke yangu, na alilivaa harusini.

Nilipomaliza, Furaha alikuwa ameiweka chini simu aliyokuwa akiitazama. Aliandika pale pale kwenye meza yangu ya kukatia: chumbani kwake mgonjwa ataambiwa kila hatua kabla hajaguswa, kelele za mashine zitatajwa kabla haijawashwa, ataulizwa kwa heshima kama kuna chuma cha risasi au bomu kilichobaki mwilini, na akisema 'basi', kazi inasimama. Nikamwambia asiandike asichofanya. Kwa hiyo Alhamisi aliwakusanya wafanyakazi wake, wakajaribu wao kwa wao, yeye akiwa wa kwanza kulala mezani. Ijumaa asubuhi alipeleka karatasi. Wakamchukua.

"Wameniuliza nani alinifundisha," akaniambia. "Nikasema fundi nguo."

"Sharp," nikamjibu kwa lugha ya vijana wa hapa, yaani safi, nikaendelea kushona.

Mwanangu, makaratasi yako yaandae mapema, yote, wala usimdharau anayekuuliza swali lisilo la shuleni. Hao wastaafu wameshikwa na kusukumwa vya kutosha. Wewe simama mbele yao, useme, ungoje. Mungu akupe macho makali na mkono usio na haraka, na jina lako mlangoni lisikutie aibu kamwe.

Mimi leo nina duka Yeoville, cherehani nne, nyumba ya vyumba sita mtaa wa Bellevue, na tepu ya Papa Kalenga, namba zake zimefutika.