Saiti Gani?

Khavere alikuwa zamu kwenye dawati la ripoti, kituo cha polisi mjini Nyeri, simu ya mama yake ilipoacha kushika. Alipiga tena. Haikuita hata kidogo. Nje baridi ya Julai ilikuwa imefunga mji, mvua nyepesi inanyunyiza tangu asubuhi.

Mama yake alitoka Vihiga alfajiri kuja kumtembelea kwa mara ya kwanza tangu ahamishiwe huku. Kikuyu hajui hata salamu. Zaidi ya hayo ana ugonjwa wa sukari, na akichelewa kula huanza kutetemeka na kusahau maneno.

"Ulimwelekeza vipi?" aliuliza Mbuvi, askari mwenzake.

"Nilimwambia akishuka stendi achukue pikipiki, aseme Saiti. Kila mtu anapajua."

Mbuvi aliweka kalamu chini. "Saiti gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Khavere, mji huu kila mahali wanapojenga nyumba mpya panaitwa Saiti. Kuna yenu. Kuna ile ya barabara ya Mweiga. Kuna nyingine huko mtoni."

Khavere alisimama. Kwenye dawati hilo hilo alikuwa amewapokea watu wengi waliopotelewa na wazee wao, akawaambia watulie. Sasa yeye mwenyewe alivaa koti bila kufunga vifungo. Mbuvi alimshikia zamu, naye akatoka mbio.

Stendini aliwauliza watu wa pikipiki kama walimwona mama mzee mwenye leso ya kijani na kikapu.

"Huyo alibebwa na Kim," mmoja akamjibu. "Ati anaenda Saiti."

"Saiti gani?"

"Hiyo siwezi jua, madam. Na Kim ako Karatina saa hii, simu yake haishiki."

Alipanda pikipiki ya huyo huyo wakaelekea upande wa Mweiga. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Njia nzima Khavere alitazama mitaro kulia na kushoto, akiona leso ya kijani kwenye kila kichaka. Kwa nini hakwenda mwenyewe stendini? Kwa nini hakuomba ruhusa, hata ya saa moja tu?

Walipofika kulikuwa na nyumba ambazo hazijaezekwa na fundi mmoja anakunja mifuko ya saruji.

"Mama mzee? Alikuwa hapa," fundi alisema. "Alikuwa anatetemeka sana. Ameondoka na mwanamke mwenye hutupikia, lakini sijui wameenda wapi."

 Khavere alizunguka nyuma ya nyumba hizo, akaita "Mama!" mara mbili, tatu, na ukungu ukameza sauti yake.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Wakonyo, mwenye nyumba wake.

"Afande, kuja nyumbani. Kuna mama hapa anakuuliza."

Alimkuta jikoni kwa Wakonyo, karibu na moto, amefunikwa blanketi na ameshika kikombe cha uji kwa mikono yote miwili. Vidole vilikuwa bado baridi. Kando yake alikaa Watiri, yule mpishi wa mafundi.

"Nilimpata amekaa kwa mawe," Watiri alieleza. "Nikampatia chai na viazi. Anasema tu, Saiti, Saiti. Nikamwambia, Mama, hii nayo ni Saiti, na binti yako hayuko. Hakuna jina ingine?"

"Lilikuwapo," mama alidakia. "Siku ile uliponipa huyu Wakonyo kwenye simu, aliniambia, 'Karibu Mahigaini.' Lilinishika kwa sababu kwetu mafiga tunayaita karibu hivyo hivyo. Nikasema moyoni, binti yangu anakaa kwenye mafiga. Leo nilipomtajia huyu mwenzangu, akanileta hapa."

Wakonyo alicheka. "Sisi mahiga ni mawe, yoyote. Hapa kulikuwa na mawe makubwa, watu wakitoka soko wanatua mzigo hapo wapumzike. Yakavunjwa kokoto ya kujenga hizi nyumba. Vijana wa mjengo ndio wakaanza kusema Saiti, na nyinyi wapangaji mkafuata. Sisi wa hapa hatujawahi kuacha Mahigaini."

Khavere alitazama sakafu. Neno hilo alikuwa amelisikia mara nyingi mdomoni mwa Wakonyo, akadhani ni mazungumzo tu ya Kikuyu yasiyomhusu. Hakuuliza. Tangu aje alijiambia kwamba karibuni atahamishwa, sasa ya nini kujifunza.

"Polisi mzima," mama alisema, sauti ikianza kurudi, "hujui unapolala panaitwaje? Ningefia huko."

"Nisamehe, Mama."

"Nipe kwanza dawa yangu."

Alimpa, akakaa chini miguuni pake na kumsugua nyayo mpaka zikapata joto. Watiri alikataa kuondoka kabla ya kuona mgonjwa amekula kitu kizito, kwa hiyo Wakonyo akaongeza maharagwe kwenye sufuria, wakala wote wanne humo jikoni.

Mama alikaa wiki tatu. Aliwazoea majirani hata akawa anatoka peke yake kwenda kwa Watiri, na Khavere, akiwa kazini, alimpigia kila mara kumuuliza amefika wapi. Mama aliona kero.

"Niko barabarani, mwanangu," alikuwa akijibu. "Wacha nitembee."

Khavere alikata simu, akangoja kidogo, akapiga tena.