Mashine Iliyopenda Wazee Kupita Kiasi

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista mkuu wa kituo cha afya cha Kasha alinionyesha benchi refu lililojaa wagonjwa, akaniambia, "Nabintu, kazi yako ni moja tu: batu ba hii benchi basipigane." Nilikuwa binti mwenye diploma mpya na viatu vya kuazima. Hakunieleza zaidi, akaingia zake ndani kutibu.

Ninyi vijana mnadhani kazi ya mapokezi ni kukaa na kuandika majina. Kazi yenyewe ni kuamua nani aingie kwa daktari kwanza. Waliozidiwa hawakuwa wangu, hao walipitishwa moja kwa moja chumba cha dharura. Wangu walikuwa wa homa ndogo, wa shinikizo la damu, wa kubadilishiwa bandeji. Na hao ndio wenye kelele, kwa sababu mgonjwa sana hana nguvu ya kugombana. Niliwapanga kwa jicho tu. Mzee alitangulia, kijana akasubiri, kwani ndivyo tulivyolelewa.

Kutoka Kasha nilipelekwa Minova, ambako nilijifunza kunyamazisha wachuuzi wa siku ya soko, na hiyo peke yake ni shahada. Kisha nikarudishwa Bukavu mjini, kwenye hospitali iliyonizeesha.

Ilikuwa imebaki miaka michache nistaafu, Daktari mkurugenzi alipoleta kompyuta pamoja na skrini kubwa ya kutundika ukutani. Alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka, hata chai aliinywa amesimama.

"Maman Nabintu," akasema, "sasa hii ordinateur njo itaita bagonjwa. Programu utaandika weye na Bienfait, juu weye njo unajua kazi. Kama haitembei, nitaweka mutu mwingine ku mapokezi, weye utaenda ku lenjeri."

Lenjeri ni chumba cha mashuka. Sina ubaya na mashuka, lakini shuka halikuulizi umeamkaje. Kiti changu cha mapokezi nilikipenda, na wazo la kukiacha kabla ya wakati liliniuma kweli.

Bienfait alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali, mtu wa makamo, mpole. Alinieleza kwamba programu ni maagizo unayoipa mashine, moja baada ya jingine, nayo inatii bila kuongeza akili yake. Zoezi langu la kwanza lilikuwa kuiamuru iandike neno "Jambo". Nilichapa, nikabonyeza, ikanijibu kwa maneno mekundu. Kumbe nilikuwa nimefungua alama za kunukuu nikasahau kuzifunga, na mashine haijui kusamehe. Niliporekebisha, "Jambo" ikatokea katikati ya skrini, nami bila kufikiri nikaiitikia kwa sauti, "Jambo sana!" Wauguzi walinicheka wiki nzima. Kisha kuran, yaani umeme, ikakatika kabla sijahifadhi kazi, nikaanza upya. Tangu siku hiyo nilihifadhi kila baada ya mstari.

Somo lililofuata lilikuwa la "kama" na "basi": kama jambo fulani ni kweli, basi mashine ifanye hivi. Nikaona ni rahisi, mbona ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote? Nikaandika kwamba katika wote wanaosubiri, kama kuna aliyewazidi wengine umri, basi aitwe yeye. Nilijiona profesa.

Siku ya kujaribu, Daktari mkurugenzi akaja kutazama. Wa kwanza kufika alikuwa msichana mmoja aitwaye Sifa, mwenye bandeji mkononi. Wakafika wazee wawili, wakaitwa. Wakati wanatibiwa, wakaingia wengine, nao wakaitwa. Asubuhi nzima kila aliyeingia mlangoni alikuwa mkubwa kwa Sifa, na jina lake halikuonekana ukutani hata mara moja.

"Maman, miye njo nilifika wa kwanza," akalalamika. "Hii mashine iko na nini na miye?"

"Mvumilivu hula mbivu, binti yangu."

"Maman, zimeshaoza!"

Mzee mmoja aliyekuwa amefika punde akamhurumia. Jina lake lilipotokea akasema, "Acha mutoto apite mbele, ameikala sana." Sifa akapita. Lakini skrini ikaendelea kumwita mzee yule yule, kwa ukaidi, na watu wakaanza kucheka. Mkurugenzi hakucheka.

"Nakupa mpaka vendredi," akaniambia, yaani hadi Ijumaa.

Mchana huo nilikaa peke yangu kwenye benchi la wagonjwa, moyo mzito. Nikajiuliza, kwa nini zamani jambo hili halikutokea? Nikagundua kwamba mimi sikuwahi kufuata umri peke yake. Kila asubuhi palikuwa na mzee wa kusema "acha mutoto apite", na mimi nilimsikia bila hata kujua kwamba ninasikia. Yule mzee alimpisha Sifa kwa sababu amesubiri sana. Basi kusubiri nako kuna heshima yake, kama umri.

Nikamkimbilia Bienfait. "Tunaweza kumwongezea mutu miaka? Kila robo saa ya kungoya, tumupe miaka tano?"

Akacheka mpaka akavua miwani. "Maman, unataka kuzeesha batoto ba batu?" Kisha akatulia, akaniambia kwamba mafundi wa kompyuta nao wana dawa hiyo hiyo, na wenyewe wanaiita kuzeesha. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu ugenini. Tukaandika mistari yake pamoja.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Kijana mmoja wa Kamituga, mwenye mguu uliovimba, alisubiri karibu saa mbili huku wazee wakiitwa. Halafu, mbele ya mkurugenzi, jina lake likampita bibi mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anaketi.

"Huyu iko na miaka ngapi?" bibi akahamaki.

"Kwa leo, maman, anakushinda," nikamjibu. "Amezeekea hapa hapa ku benchi."

Ukumbi mzima ukacheka, bibi naye akacheka, akamwambia kijana, "Pita basi, muzee wangu." Daktari mkurugenzi alinishika mkono, na kwa mara ya kwanza nikamwona anakaa chini. "Ikala ku kiti yako, Maman Nabintu," akasema. Nililia kidogo, sioni haya kuwaambia.

Sasa nimestaafu, na vijana wa mtaani huniuliza kama kweli mashine huwanyang'anya watu kazi. Mimi haikuninyang'anya. Nilikalia kiti kile mpaka miaka yangu ikatimia. Aliyeniinua pale ni umri, na huyo sijawahi kubishana naye zamu.