Ngazi ya Al Twar na Mlinzi Asiyeapa

Dubai ina watu wengi wa kuonewa wivu, wenye magari na wenye minara. Mimi niliyemwonea wivu ni mlinzi wa geti. Chekeni, nimezoea.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kumi na kitu tulikuwa tunamjengea madam mmoja nyumba kule Al Twar. Ngazi ilikuwa kazi yangu mimi, ngazi ya kuzunguka, inapanda kama gamba la konokono. Kwetu Mombasa nilikuwa najua ngazi za mbao tu. Hizi za zege nilifundishwa hukohuko na fundi wa Kihindi, mtu mzuri ila akikasirika anatafuna tambuu mpaka unamhurumia tambuu mwenyewe. Basi tumwache huyo, si yeye ninayemsimulia. Mlinzi alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa bara, wa Magharibi kule, Mkristo. Kazi yake kufungua geti na kulifunga.

Ijumaa moja, sisi Waislamu tumekwenda msikitini, madam akaja. Akaitazama ngazi yangu, akasema haimpendezi, ibomolewe ihamie upande wa pili. Arbab wetu, yaani tajiri mwenye kampuni, alikuwepo, na mlinzi aliyewafungulia alikuwa amesimama nao. Tukabomoa. Nyundo niliishika mimi mwenyewe, na kila pigo nalisikia hapa kifuani. Nyumba ikachelewa. Madam akageuka: hakusema vile, arbab kaibomoa kwa hiari yake kwa kuwa ilikuwa mbovu. Mbovu! Akakataa kuipokea nyumba. Likawa neno la arbab na neno la madam, na arbab akishindwa kampuni inafungwa, visa zetu zinakufa, tunarudi makwetu.

Mkataba wao ulisema ugomvi usianzie mahakamani. Kila upande uchague mwamuzi wake, hao wawili wachague wa tatu, wakae mezani wasikilize. Niliposikia wanataka shahidi wa mambo ya ngazi, nikapiga kanzu yangu pasi, nikangoja.

Akaitwa mlinzi.

Wakamwazima koti la arbab, mikono imeishia karibu na viwiko. Nikamwambia mbele ya wenzetu chumbani, "Bwana wee, utasema nini wewe juu ya ngazi? Hata nondo zake zinavyofungwa unajua?"

"Sijui, mzee wangu. Nitasema nilichosikia."

"Ala! Kumbe geti siku hizi lina masikio!"

Chumba kizima kikacheka, na yeye akacheka nao. Hilo nalo likaniudhi.

Waamuzi walikaa katika hoteli moja Al Mankhool. Mlinzi akarudi ameshiba biriani, anasimulia jinsi mwamuzi mkubwa alivyommiminia maji kwa mkono wake. Baadaye uamuzi ukatoka, arbab kapewa haki. Kwa visa yangu nilifurahi, kwa yale maji nilinuna.

Madam akaenda mahakamani kuomba uamuzi ufutwe, na akapata. Kumbe mlinzi hakuapa. Dhehebu lao huko kwao hawaapi abadan. Ndiyo yao ni ndiyo, siyo yao ni siyo. Aliwaeleza waamuzi hivyo kwa adabu, nao kwa adabu wakamwacha aseme hivyohivyo. Mahakama haina adabu za namna hiyo. Sheria ya wakati ule ilitaka shahidi aape kwa Mungu, kwa maneno yaliyowekwa. Kazi yote ikawa bure, ikabidi waamuzi wakae upya.

Mimi nikaona zamu yangu imefika. "Arbab, mimi naapa. Nipeleke mimi."

Akanitazama kidogo. "Yalla, twende."

Mbele ya waamuzi niliapa kwa sauti iliyojaza chumba. Nikaieleza ngazi yangu zege yake, nondo zake, nilivyoimwagilia maji ikakomaa, mfasiri anahema kunifuata. Wakili wa madam, mtu mpole, akaningoja nimalize.

"Siku madam alipokuja, ulimsikia kwa masikio yako akisema ibomolewe?"

Yamini imo kinywani, nifanyeje?

"Nilikuwa msikitini."

"Nani alimsikia?"

"Mlinzi."

Waamuzi wakasitisha kikao kidogo ili aitwe. Huko nje arbab akamsihi mbele yangu, kama mtu anayezama, "Apa mara moja tu, ndugu yangu, tuokoke sote."

"Arbab, nisamehe. Kweli nitaisema mpaka kesho. Kuapa siwezi."

Nilitamani kumkaba koo, na papo hapo nilitamani kuwa yeye.

Basi arbab, hana shahidi tena, akaenda mwenyewe kwa madam, wakaketi barazani, wakagawana hasara, khalas. Fungu lake la hasara likamshinda, kampuni ikafungwa. Sote tukapewa tikiti za kurudi, isipokuwa mmoja. Arbab alikuwa amepata kazi ya kusimamia jengo la nduguye kule Marina, na akamchukua mlinzi.

Sikuweza kunyamaza. "Arbab, mimi nilikuapia. Huyu kakuangusha. Vipi umchukue yeye?"

"Mtu aliyekataa kuapa hata kwa kuniokoa," akasema, "huyo namwachia funguo nikalala."

Mlinzi akanisindikiza uwanja wa ndege, begi langu begani mwake. "Mzee wangu, usinune. Salimia nyumbani." Nikamwambia asante, kwa kuwa begi lilikuwa zito. Ndege ilipopaa nikajibana dirishani, naitafuta ile minara ya Marina, nijue ni upi anaoulinda.